Kuwafunga Kizazi Paka na Mbwa Wakati Mfuko Hautoshi

*Shikamoo daktari. Naishi na wanangu wawili na kipato changu ni cha vibarua. Nina paka majike wawili waliozaliwa tumbo moja, paka dume mmoja na mbwa jike wa miaka minne. Paka mmoja ana watoto wanne wa wiki tano, na dada yake naona tumbo linaanza kujaa. Niliuliza bei ya kuwafunga kizazi wote nikarudi nyumbani kimya, maana ni zaidi ya ninachopata kwa mwezi. Jirani ananishauri niwachome sindano ya uzazi wa mpango ya binadamu, anasema ndiyo njia rahisi. Je, kuna msaada wa kweli kwa watu kama sisi? Na hiyo operesheni ya bei ya chini ninayoisikia, ni salama au wanyama wetu wanafanyiwa majaribio?*

Marahaba, mwanangu. Msaada upo, na umewekwa kwa ajili ya watu wenye hali kama yako. Lakini kabla sijakueleza pa kuutafuta, kuna kazi ya kufanya leo hii kabla giza halijaingia: mtenge yule mama wa watoto wanne, awe mbali na paka dume.

Wengi huamini kwamba paka anayenyonyesha hashiki mimba. Hushika. Anaweza kurudi kwenye joto, yaani kutaka dume, wiki chache tu baada ya kuzaa, watoto wakiwa bado wamening'inia kwenye chuchu, na yai la paka halina tarehe ya kusubiri, kwa kuwa hutoka baada ya kupandwa. Akishashika, atabeba kwa siku 63 hadi 65 hivi. Sasa piga hesabu: ukiandikishwa kwenye foleni ya msaada leo, ukaitwa baada ya mwezi na nusu, na huyu amekuwa akitembea atakavyo, utamfikisha kwa daktari akiwa na mimba nyingine. Operesheni itakuwa nzito zaidi, na pengine gharama itapanda. Chumba kimoja chenye mlango unaofungika, beseni la mchanga na maji vinatosha. Waambie wanao pia, maana mlango huachwa wazi na mtoto aliyekimbilia mpira.

Sindano ya jirani iache kabisa. Najua ameisema kwa nia njema. Sindano hizo zina homoni iliyopimwa kwa mwili wa mwanamke mzima, na kwa paka na mbwa homoni za jamii hiyo huandamana na maradhi mabaya: usaha kwenye mji wa mimba, matiti kuvimba, saratani ya matiti, na kisukari. Huyo wa pili unayemshuku kuwa na mimba akichomwa sasa, hata kuzaa kunaweza kukwama. Nimewahi kuletewa paka asiyefika kilo tatu, matiti yamefura mpaka ameshindwa kulala kifudifudi, na mwenyewe analia kwamba alitaka tu kuokoa fedha. Tulimfanyia operesheni ileile aliyoikwepa, ila safari hii kwa mnyama mgonjwa.

Tuje kwenye swali lako lenyewe. Bei uliyotajiwa inatokana na vitu halisi: dawa ya nusu kaputi, dawa ya maumivu, nyuzi, glavu, vifaa vilivyosafishwa kwa mvuke mkali, daktari, na msaidizi anayehesabu pumzi za mnyama wakati daktari anakata. Havipungui kwa sababu mwenye mnyama hana kitu. Kwa hiyo ukisikia bei ya chini au bure, ujue kuna mtu mwingine amebeba tofauti. Kutafuta msaada ni kumtafuta huyo mtu, na ukimjua utajua pia namna ya kuzungumza naye.

Wa kwanza ni mashirika ya ustawi wa wanyama na vituo vinavyotunza wanyama waliotelekezwa. Hawa wana sababu ya wazi ya kukulipia: kila paka anayezaliwa bila pa kwenda huishia mlangoni kwao. Kukulipia operesheni moja ni rahisi kuliko kulisha watoto wanane kwa miezi kadhaa. Uingereza, kwa mfano, shirika la Cats Protection husaidia wenye kipato kidogo kulipia kazi hiyo. Mara nyingi msaada wa namna hii huja kama vocha: shirika linalipa sehemu au yote, wewe unaipeleka kwa daktari aliyekubaliana nao. Ukipewa vocha soma mambo mawili kabla ya kufurahi, tarehe inayokwisha na madaktari wanaoipokea. Nimeona watu wakija na vocha iliyokwisha wiki iliyopita, na inauma kumwambia mtu arudi kuanza upya.

Wa pili ni kliniki zilizojengwa kwa kazi hii tu. Hapa ndipo hofu yako ya kufanyiwa majaribio inapohitaji jibu refu kidogo. Mnyama mmoja akifanyiwa operesheni katika kliniki ya kawaida, chumba huandaliwa kwa ajili yake peke yake, kisha daktari anaenda kutibu kikohozi, kisha anarudi. Kliniki ya kufunga kizazi huandaa mara moja na kufanya wanyama wengi kwa mfululizo, dawa hununuliwa kwa jumla, na daktari hafanyi kitu kingine siku nzima. Asheville, katika jimbo la North Carolina huko Marekani, kulianzishwa kliniki ya aina hiyo mwaka 1994 ambayo baadaye ilifundisha nyingine nyingi namna ya kufanya kazi hivyo. Daktari anayefanya operesheni hii makumi ya mara kwa wiki hupata mkono mwepesi: mkato mdogo, muda mfupi kwenye usingizi, damu kidogo. Ningemkabidhi mnyama wangu mwenyewe bila wasiwasi.

Wa tatu ni vyuo vya tiba ya mifugo. Mwanafunzi lazima ajifunze upasuaji, na anajifunza akiwa na mwalimu ameshikilia upande wa pili wa kidonda. Operesheni itachukua muda mrefu kuliko kwa daktari mzoefu, hilo ni kweli, lakini mnyama huangaliwa na macho mengi na kwa kawaida hupimwa vizuri kabla ya kulazwa mezani. Mbwa wako wa miaka minne ndiye ningempeleka huko kama kipo cha kufikika. Kwa mbwa gharama mara nyingi hupanda kwa uzito, kwa kuwa dawa ya usingizi hupimwa kwa kilo, hivyo yeye ndiye mzigo wako mkubwa.

Wa nne ni serikali za miji na idara za mifugo. Los Angeles ilifungua kliniki ya jiji ya kufunga kizazi kwa bei nafuu tangu mwaka 1971, na sehemu nyingi duniani kazi hii hutembea pamoja na kampeni za chanjo ya kichaa cha mbwa. Tega sikio zaidi mara mbili kwa mwaka: Jumanne ya mwisho ya Februari, inayoadhimishwa kama siku ya kimataifa ya kufunga kizazi wanyama wa nyumbani, na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Madaktari na mashirika mengi hupunguza bei au hutoa huduma bure karibu na siku hizo. Usingoje siku yenyewe. Piga simu mwezi mmoja kabla, maana nafasi huisha kabla tangazo halijakauka.

Na wa mwisho ni yule yule daktari aliyekutajia bei ukarudi nyumbani kimya. Mwanangu, hapo ndipo ulipokosea, na nakuambia kwa upendo. Ulisikia bei ukaondoka. Yeye alidhani umeenda kufikiria. Sisi madaktari tunayo mengi tunayoweza kufanya ambayo hayaandikwi ukutani: malipo kwa awamu, siku zisizo na wateja, punguzo kwa wanyama watatu wa nyumba moja wanaoletwa asubuhi moja, au mfuko mdogo ulioachwa na mteja aliyefiwa na mbwa wake. Hatuwezi kumpa asiyesema. Rudi, au piga simu, useme hivi:

“Daktari, nina paka majike wawili, mmoja ananyonyesha watoto wa wiki tano, mwingine nadhani ana mimba. Nina paka dume na mbwa jike wa miaka minne. Nataka kuwafunga kizazi wote lakini siwezi kulipa bei kamili. Naweza kulipa kiasi fulani kila mwezi. Kuna mpango wowote hapa, au shirika lolote unaloshirikiana nalo? Na mtu akiahirisha, nipigieni hata asubuhi hiyo hiyo, nitakuja.”

Sentensi ya mwisho ni ya dhahabu. Kila wiki kuna anayesahau akampa mnyama chakula usiku, au aliyeshindwa kumkamata paka asubuhi, na nafasi yake hubaki tupu. Mtu wa karibu aliyesema atakuja mara moja ndiye anayepigiwa.

Tafuta pia uthibitisho wa kipato kabla hujaulizwa. Karatasi yoyote ya msaada wa serikali unaopokea, msamaha wa ada ya shule ya wanao, au barua ya kiongozi wa eneo lako. Ukiwa nayo mkononi, maombi ya wiki tatu yanaweza kuisha kwa siku moja.

Nikuonye juu ya njia moja ya mkato. Ipo misaada ya bure kabisa kwa paka wa mitaani: hukamatwa kwa mtego, hufungwa kizazi, huchanjwa, kisha hurudishwa walikotoka. Watu wengine humpeleka paka wa nyumbani wakidai ni wa mtaani. Usifanye hivyo. Paka hao hukatwa ncha ya sikio wakiwa usingizini ili wajulikane kwa mbali kwamba wameshafanyiwa, na wako anaweza kuachiwa mahali ambapo si kwenu. Lakini kama kuna paka anayekuja kula kwako na kuondoka, asiye na mwenyewe, huyo mtaje waziwazi. Anastahili, na ndiye pengine baba wa watoto wa kesho.

Ukishapata mlango, uliza kilichomo ndani ya bei. Hapa ndipo watu hukwama siku ya kumchukua mnyama. Dawa ya maumivu ya kwenda nayo nyumbani imo? Kola ya kuzuia kulamba? Kutoa nyuzi? Kuna nyongeza kama paka ana mimba, yuko kwenye joto, au kama dume ana korodani iliyobaki tumboni? Kisha uliza usalama bila haya: mnyama analazwa usingizi kamili? Kila mnyama anatumiwa vifaa vyake vilivyosafishwa? Kukitokea tatizo usiku nimpigie nani? Anayefanya kazi vizuri atakujibu kwa raha. Akikasirika, ondoka, hata kama ni bure. Na yeyote anayekuambia anaweza kumhasi dume akiwa macho, kwa wembe au kwa kumfunga mpira, mfukuze. Ni ukatili, na nimewashona wanyama waliotoka mikononi mwa watu hao.

Sasa, nani aanze? Nafasi zikija moja moja, ningepanga hivi. Mama anayenyonyesha achukue ya kwanza itakayopatikana watoto wakishaacha ziwa, kwenye wiki ya nane hivi. Una wiki tatu tu, kwa hiyo nafasi yake iombwe sasa. Dada yake umpeleke akapimwe tumbo mapema iwezekanavyo. Kama mimba ni changa, inawezekana kumfunga kizazi sasa, na mimba itaishia hapo. Wapo wanaolikubali jambo hilo na wapo wanaolikataa, na uamuzi ni wako, hakuna daktari mwema atakayekusukuma. Kama mimba imekua sana, mwache azae ndani ya nyumba, atengwe na dume kama mwenzake, na umwandikishe siku hiyo hiyo anayozaa.

Dume ana operesheni ndogo kuliko wote. Hakuna tumbo linalofunguliwa, na mara nyingi hakuna hata uzi wa kutoa. Kama una akiba kidogo ya kwako, itumie kwake, na msaada wa watu uende kwa majike ambako kazi ni kubwa. Ila kama majike wako hawatoki nje kabisa na yeye ndiye dume pekee wanayekutana naye, basi mtangulize. Kumbuka tu kwamba dume aliyehasiwa leo bado ana mbegu zilizobaki njiani, anaweza kutia mimba kwa wiki kadhaa. Mtenge walau mwezi mmoja na nusu.

Mbwa anaweza kusubiri zamu yake, lakini asisahaulike. Kwa kawaida mbwa jike huingia kwenye joto mara mbili hivi kwa mwaka, na kila kipindi kinachopita bila mimba na bila operesheni kinaongeza uwezekano wa mji wa mimba kujaa usaha. Ugonjwa huo huja wiki chache baada ya joto. Anakunywa maji kupita kawaida, anakojoa ovyo, anakataa chakula, anatapika, wakati mwingine anatoka uchafu nyuma na wakati mwingine hatoki chochote. Hapo ni dharura, na gharama yake ni mara kadhaa ya kufunga kizazi kwa amani. Andika tarehe ya joto lake la mwisho. Madaktari wengi hupenda kumfanyia miezi miwili au mitatu baada ya joto kwisha, mishipa ikiwa imetulia.

Wale watoto wanne usiwasahau pia. Tangu mwaka 2017 chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani kimeunga mkono kwamba paka wasiokusudiwa kuzalishwa wafungwe kizazi kufikia umri wa miezi 5, na vituo vingi huwafanyia wakiwa na wiki nane tu, wakishafika kilo moja hivi. Jike aliyefungwa kabla ya miezi 6 hupunguza sana, kwa takribani asilimia 90, hatari ya saratani ya matiti atakapokuwa mkubwa, na uvimbe wa matiti kwa paka mara nyingi ni saratani kweli. Uliza shirika kama litawachukua pamoja na mama yao. Mashirika mengi hukubali kumfanyia mama operesheni bure ukiwakabidhi watoto wawatafutie makazi, na kwako hilo linaweza kuwa jibu la mambo mawili kwa safari moja.

Siku ikifika, muulize daktari kuhusu kumnyima chakula kabla ya operesheni. Mnyama mzima kwa kawaida halishwi tangu usiku, lakini watoto wadogo hawavumilii njaa ndefu, sukari ya mwilini hushuka upesi, hivyo hupewa kidogo asubuhi. Paka usimbebe mikononi hata kama ni mpole kama pamba. Akisikia honi moja ya gari atakuchana na kupotea. Chukua kreti mbili za plastiki, geuza moja juu ya nyingine, zifunge kwa kamba pande zote nne, tandika shuka kuukuu ndani, jingine lifunike juu. Nimepokea mamia ya paka waliofika hivyo, salama kuliko wengine waliokuja kwenye vikapu vya fedha nyingi.

Utakaporudi naye jioni atakuwa amelegea, macho yamefunguka nusu, pengine anayumba. Mlaze chini, mahali pa joto, mbali na ngazi na watoto. Utaona mshono mdogo tumboni na nywele zimenyolewa. Uangalie mara mbili kwa siku kwa siku kumi hadi kumi na nne. Wekundu kidogo ni kawaida. Damu inayodondoka, harufu, uvimbe unaokua, au mshono kuachia ni sababu ya kupiga simu bila kungoja kuche. Kama huna kola, fulana kuukuu ya mtoto wako, miguu ya mbele ikipitishwa kwenye mikono yake na pindo likafungwa mgongoni, humzuia kulamba.

Na tafadhali, akionekana ana maumivu, usimpe paka parasetamoli. Kidonge kimoja kinaweza kumuua. Ibuprofeni nayo usiiguse, kwa paka wala kwa mbwa. Omba dawa ya maumivu ya wanyama kabla hujaondoka kliniki, na kama ulisahau, piga simu.

Usiku huo hatataka kula sana, usimlazimishe. Asubuhi akikufuata na kulia mbele ya sahani yake, mpe nusu ya kawaida, na mama wa watoto mrudishie wanawe mmoja mmoja kama bado wanamtafuta.